Isale si Ua la Mapambo

Juzi nilikuwa nimekaa kibarazani namenya ndizi za supu ya mtori, nikamsikia kijana wenu mmoja akipitisha wageni kihambani, shamba letu la ukoo. Simtaji jina, mama yake tunaimba naye kwaya. Viatu vimepigwa rangi, kofia ya kikundi iko kichwani, maneno yanatiririka. Akaeleza migomba, akaeleza kahawa, akafika nyuma ya nyumba penye makaburi. Mgeni mmoja akauliza, huu mmea wenye majani marefu ni nini? Kijana akajibu bila kupepesa macho, "Hilo ni ua la mapambo. Tunapanda kupendezesha mazingira."

Kisu kilinitoka mkononi. Ningekuwa na magoti ya zamani ningemfikia kabla hajamaliza sentensi. Wageni wakapiga picha wakaenda zao, na mimi nikabaki na ndizi zangu na hasira yangu, na mtori wa siku hiyo ulikuwa mchungu.

Kikundi chenu cha kutembeza wageni kilinipa cheti cha mwanzilishi. Nimekitundika ukutani karibu na picha ya Moyo Mtakatifu, asanteni. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuvuta kigoda akaniuliza, Mama Rozina, kazi hii mliianzaje? Mnaniamkia shikamoo mkiwa mnatembea. Sasa nimeomba karatasi kwa mjukuu wa jirani, nanyi mtasoma.

Kazi ya kupokea wageni sikuijifunzia hapa Kirua. Nilijifunza mjini Moshi, kwa Mama Zarina, mjane wa Kiismaili aliyekuwa na nyumba ya wageni si mbali na stesheni ya reli. Nilikuwa nimetoka kwenye ndoa kule Mabogini. Mume wangu alisubiri mtoto, akachoka, akaoa mwingine, akaniambia naweza kubaki nikiwasaidia kwenye mpunga. Kuwasaidia! Nilifunga nguo zangu kwenye shuka, nikapanga chumba Njoro, nikaenda kugonga mlango wa jikoni kwa Mama Zarina.

Yule mama alikuwa mkali, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwa mwiko. Siku ya kwanza nilimpokea mgeni kwa tabasamu na glasi ya juisi. Mama Zarina akanivuta pembeni. "Rozi, wewe unaangalia uso. Uso inadanganya. Angalia viatu." Viatu vya mgeni vikiwa na vumbi jipya, anataka maji ya kuoga kabla ya maneno. Vikiwa na matope ya mlimani, anataka kukaa, na usimwulize kama alifika kileleni, maana aliyefika atasema mwenyewe. Na choo. Mama Zarina aliamini kwamba mgeni husahau chakula kizuri lakini choo kibaya hukisimulia mpaka uzeeni. Ninyi mmejenga geti lenye maandishi kabla ya kurekebisha mlango wa choo. Haya.

Serikali ilipotaifisha majumba, lile nalo likachukuliwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi mkutanoni, kwa kuwa wenye majumba mengi mjini walikuwapo kweli, na wengine hawakuwa na huruma. Lakini huyu alikuwa na nyumba moja na ugonjwa wa pumu. Bwana aliyekabidhiwa jengo aliugeuza ukumbi wa kulia kuwa ghala la matairi. Sufuria za shaba, ambazo tulizisugua kwa ndimu kila Jumamosi, zikawa za kupigia deki. Niliziona kwa macho yangu. Mama Zarina akaenda Kanada kwa wanawe, akaniachia mwiko wake. Nikapanda mlima nikarudi kwetu.

Nyumbani alikuwapo mama peke yake. Baba alikwisha kufa, na ndugu yangu wa pekee, Deogratias, alikuwa na kazi Dar es Salaam katika shirika moja la umma. Kihamba kilikuwa cha babu wa babu yetu, na kila aliyekufa katika ukoo amelala mle mle chini ya migomba. Nilikikuta kimegeuka pori. Migomba imesongamana kila shina na wana wasiohesabika, kahawa imeshikwa na ugonjwa wa chulebuni mpaka matunda yake ni meusi kama punje zilizoungua, na mfongo, yaani mfereji wetu wa maji kutoka juu, umeziba majani. Mama alikuwa anakula kwa majirani.

Siku ya pili akaja baba mkubwa Aloisi, ndugu mkubwa wa baba, ndiye msemaji wa ukoo. Nilimwamkia, nikampa kigoda. Akakaa.

"Rozina, umekuja kumwona mama, au umekuja kukaa?"

"Nimekuja kukaa, meku, mzee wangu."

"Mtoto wa kike hakai kwao. Atakaaje? Kihamba ni cha Deo."

"Deo yuko wapi nimpishe?"

Alikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, akaondoka. Kumbukeni maneno hayo, yatarudi.

Nilianza na migomba. Shina moja linatakiwa kubaki na mama, binti na mjukuu, basi. Ukiacha wana wote kwa huruma, wote watakufa njaa na wewe utafuata. Mzunguko wa kwanza nilikata nikilia, kwa sababu majirani walipita wakisema Rozina anamaliza migomba ya babu yake. Kahawa sikuruhusiwa kung'oa hata mti mmoja uliokufa, sheria ilikataza, na bwana shamba akaja kuthibitisha kwamba mti uliokauka bado ni mti. Nikapulizia dawa ya mrututu mpaka nywele zangu zikawa za buluu. Maji ndiyo yalikuwa vita. Kwetu mwanamke hakanyagi kwenye banio la mfongo, pale maji yanapoingilia, na asiyekwenda kuchimba hapati zamu ya maji. Hebu niambieni, mjane au mseja anywe nini? Mimi nilipika mbege. Kila wanaume walipopanda kusafisha mfereji walikuta mtungi wangu unawasubiri chini ya mgrevilea, na aliyekunywa mbege yangu hakuwa na ulimi wa kuninyima zamu. Nilisaidiwa na Mama Anjela, jirani yangu, ambaye mbege yake ilikuwa nzuri kuliko yangu na alihakikisha najua hivyo.

Mgeni wa kwanza hakualikwa. Alikuwa mwalimu wa kujitolea kutoka Denmaki, aliyewahi kulala kwa Mama Zarina akaja kunitafuta. Alileta wenzake. Nikatazama viatu, nikawapa maji ya kunawa, nikawakalisha. Kisha nikafanya ambalo Mama Zarina hakunifundisha. Wenzetu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi niliwapa siku hiyo hiyo. Wakachuma kahawa, wakaikoboa kwa mashine ya mkono, wakasukuma samadi, wakachafuka vizuri sana. Jioni walinishukuru kana kwamba nimewapa zawadi, na mimi nilikuwa nimemaliza kazi ya wiki.

Hapo ndipo nilipoona njia. Lakini sikutaka wageni wakae kwangu tu. Mtu mmoja akiwa na wageni, majirani watakuwa na macho, na macho ya majirani huchoma. Tukapanga. Kahawa wataiona kwangu. Mbege wataonja kwa Mama Anjela. Kwa mhunzi watapiga nyundo kidogo wakijiumiza vidole. Kwa mzee wa maji wataonyeshwa jinsi mfongo unavyopitishwa kwenye mteremko bila pampu wala bomba. Kila nyumba ikawa na siku yake na sehemu yake. Chakula kililiwa kwa zamu. Hiyo ndiyo maana ya kijiji kushirikiana, na hatukuisoma kwenye kitabu chochote.

Mnadhani viongozi walifurahi? Alikuja bwana mmoja wa wilaya amevaa suti ya kaunda, akauliza kwa nini tunawaonyesha mabeberu migomba yetu. Nikamwambia hawa wanabeba samadi, mheshimiwa, beberu gani anabeba samadi? Akaandika kitu. Mwezi uliofuata akaja mwingine wa mambo ya utalii, huyu akalalamika kwamba hatuonyeshi utamaduni. Alitaka tuvae majani na kucheza ngoma getini. Mama Anjela, mama wa watoto tisa, mwanachama wa Legio Maria, avae majani! Alimwambia, "Baba, mimi nina kitenge cha Pasaka. Majani ni ya ng'ombe." Bwana yule hakurudi, ila mbege yetu alikunywa mpaka akasaidiwa kupanda gari.

Ikaja miaka ya kukosa kila kitu. Sukari haipo, sabuni haipo, foleni ya duka la kijiji inaanza alfajiri. Wageni tukawapa kahawa chungu na ndizi mbivu ya kung'ata pembeni. Mmoja akauliza kama hiyo ni mila. Mzee wa maji akajibu kwa uso wa kanisani kwamba ni mila ya kale. Hadi leo nasikia mnawafundisha wageni kwamba Wachagga hunywa kahawa na ndizi mbivu tangu enzi za mababu. Enzi za mababu! Ilikuwa ni sukari hakuna.

Mama alifariki katika miaka hiyo. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na baba. Kichwani pake nilipanda isale, kama inavyopasa. Kwa ninyi mnaoita ua, sikilizeni vizuri. Isale ndiyo mpaka wa kihamba, na mwenye kuung'oa usiku amejitafutia laana. Isale ndiyo alama ya aliyelala. Na isale ndiyo msamaha. Mtu aliyekukosea akija na jani la isale mkononi, hata kama amekuulia ng'ombe, hukatai. Ukikataa, aliyekosa sasa ni wewe. Kila mwaka ikikaribia siku ya marehemu wote, nilikuwa napalilia makaburi na kupaka misalaba chokaa. Mkono wangu si wa fundi, chokaa ilirukia kila kitu.

Deo alikuja kumzika mama akaondoka kesho yake. Halafu Desemba moja, mnavyojua Wachagga na Desemba, akapanda na familia nzima. Alikuta wageni kumi na kitu wanaanika kahawa uani. Akazunguka kihamba mikono mfukoni. Usiku alikula mtori wangu bakuli mbili, akasema umekolea. Asubuhi akaniita.

"Dada, kazi nzuri umefanya. Sasa mimi nataka kujenga ukumbi hapa, vinywaji, muziki, wageni walale. Hayo mambo ya kuwazungusha kwa majirani tunaacha."

"Na mimi?"

"Utatafutiwa mahali. Unajua mwenyewe, mtoto wa kike hana kihamba."

Alisema kwa upole. Ule upole ndio ulioniudhi. Nilijibu kwamba sitoki. Baba mkubwa Aloisi akasema Deo ana haki, na wanaume wa ukoo wakatikisa vichwa kukubali. Mimi niliyekata migomba nikilia, niliyempikia mama uji mpaka kijiko cha mwisho, ningeondoka na shuka langu kama nilivyotoka Mabogini. Na nikifa ningezikwa wapi? Kwa mume aliyenifukuza? Kandokando ya barabara? Hilo ndilo lililoninyima usingizi, si nyumba.

Majirani hawakusema neno kwenye kikao, lakini waligoma kwa vitendo. Wageni waliofuata Deo alitaka kuwapokea mwenyewe, lakini walipofika mhunzi alikuwa ameenda msibani, Mama Anjela anaumwa jino, na mzee wa maji ameugua mgongo. Wageni walizunguka ua mmoja wakamaliza mapema wakauliza, ni hivi tu? Deo akaelewa kwamba bila mimi hana majirani, na bila majirani ana migomba tu.

Basi sijui nani alimshauri. Jumapili baada ya misa ukoo ulikusanyika uani, majirani nao wakaja, mbege ya Mama Anjela imewekwa katikati. Deo akasimama. Mkononi ana jani la isale, limekatwa pamoja na shina lake.

"Dada Rozina," akasema, "kama nimekukosea, pokea isale. Unisamehe, uniachie kihamba kwa amani, tubaki ndugu."

Mnaona mtego? Nikilipokea, nimetoka. Nikilikataa, nimevunja mila mbele ya ukoo na watanifukuza kwa haki. Alikuwa amechukua kitu kitakatifu kuliko vyote tulivyo navyo akakifanya kamba ya kunifungia. Nikanyoosha mkono, kwa sababu sikuwa na la kufanya. Na hapo nikaona jani lina madoadoa meupe.

Chokaa.

Nikarudisha mkono. Nikauliza taratibu, "Deo, jani hili la isale umelikata wapi?"

"Hapo nyuma. Si yapo mengi?"

Mipakani yapo mengi. Lakini mtu wa mjini huchukua la karibu. Nililiinua jani la isale mkononi mwake, nikamgeuzia baba mkubwa Aloisi upande wenye chokaa. Yeye alikuwapo tulipomzika mama, na alinicheka mwenyewe siku nilipoichafua isale kwa brashi. Alitazama. Kibuyu chake cha mbege kikashuka mpaka chini.

"Umemkata mama yako," akamwambia Deo, "ili umfukuze aliyemzika."

Deo akaanza kujitetea kwamba hakujua. Nakubali, hakujua. Lakini nani alimzuia kujua? Mtu anadai kihamba cha babu wa babu yake, na hajui kaburi la mama yake liko penye mmea gani.

Wazee wakakaa pembeni wakarudi na hukumu: Deo atoe mbuzi na mbege, kaburi litulizwe. Nikacheka kwa sauti, Mungu anisamehe. Mbuzi! Kidari kingeenda kwa huyu, mgongo kwa yule, kila mwanaume na sehemu yake, na mimi ningeosha sufuria. Nikawaambia mbuzi wale wenyewe. "Mimi nionyesheni nitakapolala. Pale, kando ya mama."

Kelele zilizotokea mlizikosa. Binti hazikwi kihambani kwa baba yake, haijapata kutokea, mababu watasemaje. Mama Anjela hakubishana nao. Aliinuka, akachukua mtungi wa mbege, akauweka nyuma yake, akaukalia mfuniko. Wanawake wengine wakajisogeza wakamzunguka.

"Mkimaliza kufikiri," akasema, "mtatuambia. Sisi tupo."

Jua lilikuwa kali. Walifikiri haraka kuliko nilivyotarajia. Baba mkubwa Aloisi akatembea mwenyewe mpaka nyuma ya nyumba, akasimama kando ya kaburi la mama, akachomeka fimbo yake ardhini.

"Panda," akaniambia.

Nikalichukua lile shina Deo alilolikata, lile lile lenye chokaa, nikalipanda. Kihamba kilibaki kwa jina la Deo, sikilizeni vizuri, mpaka leo karatasi haina jina langu, na hasira hiyo sijaizika. Lakini hakuna aliyeniambia tena niondoke. Deo alijirudi pole pole, akaleta mabati ya choo cha wageni, na mimi nikampikia mtori. Alipofariki huko Dar aliletwa akazikwa hapa hapa. Hakuna aliyemwuliza mtu kama anastahili.

Shina lile lilishika. Sasa limenipita kimo. Ndilo ambalo kijana wenu juzi aliliita ua la mapambo.

Basi wewe kijana, unajijua. Kesho una wageni, nimesikia. Ukifika pale nyuma, vua kofia kwanza. Wakikuuliza, waambie hii ni isale, na hapa ndipo mahali pa Mama Rozina, na aliye pale kibarazani anamenya ndizi ndiye yeye. Kisha nyamaza kidogo. Nitakuwa nasikiliza.